Scuola Grande di San Rocco: Chama cha Mtakatifu Roko cha Venice na Picha za Tintoretto

Scuola Grande di San Rocco ni chama cha waamini Wakatoliki kilichoanzishwa Venice mwaka 1478, chini ya ulinzi wa Mtakatifu Roko, mwombezi wa watu dhidi ya tauni. Ndani ya nyumba yake mna picha zaidi ya 60 za Jacopo Tintoretto, alizozichora kwa vipindi kati ya mwaka 1564 na 1588. Picha nyingi zilizoagizwa na vyama vingine vya namna hii zilitawanyika zamani, nyingine zikaishia kwenye makumbusho. Za San Rocco zingali pale pale zilipopachikwa, katika vyumba vilevile, na mwenye mali ni chama kilekile kilichozilipia.

Venice ya karne ya 15 na 16 ilikuwa na vyama vya kidini kwa mamia. Vingine vilikuwa vya watu wa kazi moja, vingine vya wageni wa asili moja, kama Waslavoni, Waalbania na Wagiriki, na vingine viliunganisha majirani wa parokia. Juu ya vyote hivyo vilikuwapo vyama vikubwa vichache vilivyoitwa Scuole Grandi, ambavyo kufikia mwaka 1552 vilikuwa sita. Asili yake ni mwamko wa toba uliovuma Italia mwaka 1260, pale makundi ya walei yalipopita barabarani yakijipiga mijeledi kwa kuomba msamaha wa dhambi. Kufikia wakati San Rocco inaanzishwa, mijeledi ilibaki zaidi kuwa sehemu ya maandamano, na kazi halisi ya vyama ilikuwa nyingine: kuzika wafu, kuwaombea, kutembelea wagonjwa, kutoa mahari kwa mabinti wa wanachama maskini, kugawa sadaka na kuwapa wahitaji nyumba za kuishi. Msomaji anayejua jinsi chama cha kufa na kuzikana kinavyoendeshwa, michango yake, daftari lake na vikao vyake, hatapata shida kuelewa msingi wa Scuola. Tofauti iko kwenye utajiri. Wanachama waliokufa waliachia chama nyumba, mashamba na fedha, na mali hiyo ilikua kizazi baada ya kizazi.

Uongozi ulikuwa wa walei. Mkuu wa chama, Guardian Grande, alichaguliwa kwa mwaka mmoja tu, akisaidiwa na makamu, katibu na baraza la viongozi. Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata. Jamhuri ya Venice ilitawaliwa na koo za kikabaila peke yake. Wao ndio waliokaa katika Baraza Kuu na kumchagua Doge, mkuu wa dola. Tabaka lililofuata chini yao, la raia wenye haki kamili waliokuwa wafanyabiashara, mawakili na maofisa, halikuwa na kiti katika Baraza hilo, ila vyeo vya Scuole Grandi vilitengwa kwa ajili yake. Kabaila aliweza kujiunga lakini hakuweza kuongoza. Kwa hiyo mfanyabiashara wa hariri ambaye asingeweza kamwe kuwa seneta aliweza kuwa Guardian Grande, akatembea mbele ya maandamano mbele ya macho ya mji mzima, na mwaka wake wa uongozi ukiisha akaacha alama ya mawe au ya rangi. Dola, kupitia Baraza la Watu Kumi, ililiona hilo, ikaliruhusu na kulisimamia kwa karibu.

Mtakatifu Roko mwenyewe husimuliwa kuwa kijana wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, aliyeishi karne ya 14. Aligawa urithi wake kwa maskini, akaenda hija kuelekea Roma, na njiani akawauguza wagonjwa wa tauni hadi naye akaambukizwa. Alijitenga msituni, akalishwa na mbwa aliyemletea mkate. Wachoraji humtambulisha kwa fimbo ya hija, mbwa, na jeraha la tauni kwenye paja. Venice ilikuwa bandari iliyopokea meli kutoka kila pembe ya Mediterania, na tauni iliingia humo mara kwa mara, hivyo mtakatifu wa aina hii hakukosa wafuasi. Chama kilichochukua jina lake kilikua kwa kasi. Mwaka 1485 kilipata masalia ya mtakatifu, yaliyoletwa kutoka Voghera, na mwaka 1489, miaka 11 tu baada ya kuanzishwa, kilipandishwa daraja kuwa Scuola Grande. Mwaka huohuo ujenzi wa kanisa la San Rocco ulianza chini ya msanifu Bartolomeo Bon, na masalia yaliwekwa humo mwaka 1520.

Kanisa lilileta pia mapato. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 16 liliwekwa humo picha ndogo ya Kristo akibeba msalaba, ambayo wataalamu mpaka leo wanabishana kama ni ya Giorgione au ya Titian. Watu waliamini kuwa inatenda miujiza. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji wa Italia, alisema kwamba sadaka zilizotolewa mbele ya picha hiyo zilizidi fedha zote ambazo Titian na Giorgione walipata kwa kazi ya maisha yao. Vasari alipenda kutia chumvi, lakini hata ukiipunguza, kauli yake inaonyesha fedha za ujenzi zilikotoka.

Ujenzi wa makao ulianza mwaka 1517, jirani kabisa na kanisa. Bon alianza, akafuatwa na Sante Lombardo, kisha Antonio Abbondi, aliyejulikana kama Scarpagnino, ambaye ndiye aliyelipa jengo uso wake wenye nguzo zilizojitokeza na mawe ya rangi. Baada ya kifo chake mwaka 1549 kazi ilimaliziwa na Giangiacomo dei Grigi, na kufikia mwaka 1560 nyumba ilikuwa imekamilika. Mpango wake ni ule wa kawaida wa Scuole Grandi: ukumbi mkubwa chini, ngazi pana, ukumbi wa mikutano mikuu juu wenye altare, na kando yake chumba kidogo kiitwacho Sala dell'Albergo, ambamo viongozi walikutana na vitu vya thamani vilihifadhiwa.

Wapo waliochukizwa. Mwaka 1541 sonara Alessandro Caravia alichapisha shairi refu la kejeli ambamo Scuole zinashutumiwa kwa kushindana kwa majengo huku maskini, ambao mali ile ni yao, wakikosa nguo na chakula. San Rocco ilitajwa waziwazi. Caravia baadaye aliitwa mbele ya mahakama ya kanisa kwa maoni yake ya kidini, lakini hoja yake kuhusu fedha haikuwa na uzushi wowote, na haikujibiwa. Katika miaka ileile ya 1540 Scarpagnino alikuwa akijenga ngazi kubwa ya marumaru.

Nyumba ilikuwa tayari, kuta zikiwa tupu. Titian, mchoraji mkubwa kuliko wote mjini na mwanachama wa Scuola, alijitolea mwaka 1553 kuchora picha kubwa ya Sala dell'Albergo, na jambo hilo likaishia hapo. Nafasi iliyobaki wazi ilimwangukia mtu wa aina tofauti kabisa.

Jacopo Robusti alizaliwa Venice mwaka 1518 au 1519, mtoto wa mtia rangi vitambaa. Jina la Tintoretto lilitokana na kazi ya babake. Alisifika kwa kasi, na kwa bei ndogo iliyowaudhi wenzake. Mwaka 1548 alijipatia umaarufu kwa picha ya muujiza wa Mtakatifu Marko akimwokoa mtumwa, iliyochorwa kwa ajili ya Scuola Grande di San Marco, na mwaka uliofuata akachora Mtakatifu Roko akiwaponya wagonjwa wa tauni kwa ajili ya kanisa la San Rocco. Kwa hiyo chama kilimjua. Hiyo si kusema kilimpenda chote.

Mwaka 1564 viongozi waliamua kupamba dari la Sala dell'Albergo na wakaitisha shindano. Kwa mujibu wa Vasari, walioalikwa pamoja na Tintoretto walikuwa Paolo Veronese, Federico Zuccari na Giuseppe Salviati, na kila mmoja alitakiwa kuleta mchoro wa awali wa nafasi ya katikati. Mmoja wa wanachama aliahidi mchango wa dukati 15, fedha ya Venice, kwa sharti moja: kazi asipewe Tintoretto. Siku ya hukumu ilipofika, wenzake walifunua karatasi zao. Tintoretto alikuwa amechukua vipimo kimya kimya, amechora picha kamili ya Mtakatifu Roko akipokewa katika utukufu, na ameipachika darini. Walipomlalamikia kwamba waliomba mchoro, alijibu kuwa yeye huchora hivyo, na kama hawataki kumlipa, basi picha ni zawadi yake kwa mtakatifu. Kanuni za chama zilikataza kukataa zawadi iliyotolewa kwa Mtakatifu Roko. Picha ikabaki. Kwa desturi za mafundi ule ulikuwa ujanja usio na aibu, na wenzake hawakuusahau. Lakini bila ujanja ule dari la chumba hicho lingekuwa na picha nzuri ya Veronese, na kuta za nyumba nzima pengine zingegawanywa kwa wachoraji watano au sita.

Mwaka 1565 Tintoretto alipokewa kuwa mwanachama, na mwaka huohuo akatia sahihi picha ambayo wengi huihesabu kuwa kilele cha kazi yake: Kusulubiwa kwa Kristo, yenye kimo cha mita 5.36 na upana wa mita 12.24, inayojaza ukuta mzima unaotazamana na mlango. Alilipwa dukati 250. Kristo yuko juu, peke yake, msalaba wake ukiwa tayari umesimama na kichwa chake kikikaribia ukingo wa juu wa picha. Chini na pande zote watu wako kazini. Msalaba wa mnyang'anyi mmoja unainuliwa kwa kamba, mwingine bado anafungwa kwenye mti ulioko chini. Mtu anachimba, wengine wanacheza kamari kwa ajili ya vazi, wapanda farasi wanatazama kama watu waliokuja kusimamia mradi. Wanawake wanaoomboleza wamerundikana chini ya msalaba kama rundo moja la huzuni. Nyuma kuna punda anayekula makuti yaliyokauka, mabaki ya matawi ambayo umati ulimpokelea Yesu alipoingia Yerusalemu siku chache kabla. Picha nyingine za chumba hicho zilimalizika kufikia mwaka 1567: Kristo mbele ya Pilato, akiwa amesimama wima katika vazi jeupe, Kristo aliyepigwa akionyeshwa kwa umati, na njia ya kwenda Kalvari.

Kisha kazi ilisimama kwa karibu miaka minane, mpaka kilipokuja kisa ambacho chama kiliundwa kwa ajili yake.

Tauni iliyoingia Venice mwaka 1575 na kuendelea hadi 1577 iliua watu wapatao 50,000, zaidi ya robo ya wakazi wote. Titian alikufa Agosti 1576, tauni ikiwa bado inavuma. Seneti iliweka nadhiri ya kujenga kanisa la Redentore, na Mtakatifu Roko alitangazwa kuwa mmoja wa walinzi wa mji. Tangu hapo Doge na serikali yake walikwenda San Rocco kwa maandamano kila tarehe 16 Agosti, sikukuu ya mtakatifu huyo. Katika mwaka huo wa 1576 Tintoretto aliwapa wanachama, kwa ajili ya sikukuu, picha kubwa ya katikati ya dari la ukumbi wa juu: Musa akimwinua nyoka wa shaba jangwani, na Waisraeli walioumwa na nyoka wa moto wakitazama juu wapate kupona. Maiti na wanaokata roho wamejaa sehemu ya chini ya picha. Kwa watu waliokuwa wakizika ndugu zao kila siku, kisa hicho cha Kitabu cha Hesabu hakikuhitaji mfasiri.

Picha mbili kubwa zilizofuata, Musa akitoa maji mwambani na Waisraeli wakiokota mana, zilichorwa mwaka 1577. Novemba ya mwaka huo Tintoretto alikiandikia chama ahadi ya kipekee: atafanya kazi kwa San Rocco maisha yake yote, atatoa picha tatu kila mwaka kabla ya sikukuu ya mtakatifu, naye atapewa dukati 100 kwa mwaka hadi kufa kwake. Viongozi walikubali. Chama kilipata mchoraji kwa bei nafuu na bila mabishano ya kila picha. Mchoraji alipata pensheni, na kuta ambazo hakuna mpinzani angeweza kumnyang'anya.

Mpangilio wa ukumbi wa juu unafuata njia ya zamani ya Kanisa ya kusoma Agano la Kale kama kivuli cha Agano Jipya. Darini kuna matukio 13 ya Agano la Kale, na ukutani matukio kumi ya maisha ya Kristo. Picha tatu kubwa za dari zinatoa mada: maji kwa wenye kiu, mkate kwa wenye njaa, uponyaji kwa wagonjwa. Kuta zinajibu. Ubatizo unaendana na maji. Karamu ya Mwisho na kulishwa kwa umati kwa mikate vinaendana na mana. Birika la Bethzatha na kufufuliwa kwa Lazaro vinaendana na nyoka wa shaba. Hayo matatu ndiyo hasa yaliyokuwa kazi ya Scuola, na mwanachama aliyekaa kwenye mkutano akijadili bajeti ya sadaka aliyaona kila alipoinua macho. Tintoretto hakuwasahau wapokeaji wa sadaka hizo. Katika Karamu ya Mwisho, mbele kabisa, karibu na mtazamaji kuliko mitume wenyewe, wameketi maskini wawili na mbwa. Katika Kuzaliwa kwa Yesu familia takatifu iko kwenye dari ya zizi bovu, juu ya mbao, huku wachungaji wakipenyeza chakula kutoka chini. Kama kuna jibu kwa Caravia, liko kwenye picha hizi, ingawa ni jibu la rangi na si la mkate.

Kasi ya kazi ilitegemea mbinu. Hewa ya chumvi na unyevu wa Venice huharibu upesi picha zinazochorwa moja kwa moja kwenye lipu, kwa hiyo wachoraji wa mji huo walitumia rangi za mafuta juu ya turubai, wakachora karakanani na kupachika baadaye. Tintoretto alizoea kuanzia rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea, kisha akavuta maumbo kutoka gizani kwa mapigo mafupi ya rangi nyeupe. Inasimuliwa kwamba alitengeneza vinyago vidogo vya nta, akaviweka ndani ya visanduku na kuvimulika kwa mshumaa ili aone mwanga unavyoanguka. Karakana yake ilikuwa na wasaidizi, akiwamo mwanawe Domenico, na mikono yao huonekana hapa na pale. Si kila picha ya San Rocco ina uzito sawa. Baadhi ya zile za ukutani zilifanywa kwa haraka ya mtu anayekimbizana na sikukuu.

Ukumbi wa chini ulikuja mwisho, kati ya mwaka 1582 na 1587. Una picha nane, nyingi zikihusu maisha ya Maria na utoto wa Yesu: malaika akileta habari, Mamajusi, kukimbilia Misri, mauaji ya watoto wa Bethlehemu, kutahiriwa kwa Yesu, Kupalizwa Mbinguni. Katika picha ya malaika, ukuta wa nyumba ya Maria umebomoka, matofali yako wazi, kiti kimechakaa, na nje Yosefu anafanya kazi katikati ya mbao zake. Gabrieli anaingia kwa kishindo akifuatwa na kundi la malaika wadogo. Picha mbili nyembamba za wanawake wanaosoma kando ya maji wakati jua linatua zimekuwa zikiitwa kwa muda mrefu Maria Magdalena na Maria wa Misri. Humo watu ni wadogo, miti na maji ndivyo vinavyotawala. Picha ya altare ya ukumbi wa juu ilikamilika mwaka 1588, na hapo nyumba ikawa imejaa. Tintoretto alifariki tarehe 31 Mei 1594.

Karne iliyofuata iliongeza vitu vichache. Giovanni Gabrieli alikuwa mpiga kinanda wa chama tangu mwaka 1585 hadi alipokufa mwaka 1612, na msafiri Mwingereza Thomas Coryat, aliyehudhuria sikukuu ya mwaka 1608, aliondoka akiwa ameduwazwa na muziki. Tauni ya mwaka 1630 ilikumbukwa kwenye kuta za ngazi na wachoraji Antonio Zanchi mwaka 1666 na Pietro Negri mwaka 1673. Baadaye Francesco Pianta alichonga sanamu za mbao chini ya picha za ukumbi wa juu, na mojawapo, inayowakilisha uchoraji, ni Tintoretto mwenyewe kwa kejeli: mzee mwenye uso mkali na brashi mkononi.

Jamhuri ilianguka mwaka 1797 mbele ya Napoleon, na amri za utawala wake za mwaka 1806 na kuendelea zilivunja vyama vya kidini na kutaifisha mali zao. Scuola ya Carità ikawa chuo na jumba la sanaa, ya San Marco ikawa hospitali, na picha zake zikaenda kwingine, ukiwamo ule muujiza wa mtumwa. San Rocco peke yake kati ya Scuole Grandi ilinusurika, pamoja na nyumba na picha zake.

Kunusurika hakukumaanisha kutunzwa. Mwandishi Mwingereza John Ruskin aliingia humo mwaka 1845, akatoka akiwa amebadilika, na maandishi yake ndiyo yaliyowarudisha wasomaji wa Ulaya kwa Tintoretto. Yeye pia ndiye aliyeandika kwamba baada ya Waaustria kuuzingira mji mwaka 1848 na 1849 alikuta picha zikining'inia vipande vipande mahali mizinga ilipotoboa paa. Mafuriko makubwa ya tarehe 4 Novemba 1966 yalileta misaada ya kimataifa kwa mji mzima, na picha za San Rocco zilisafishwa na kutengenezwa katika miaka iliyofuata.

Chama bado kipo, na jina lake rasmi ni Scuola Grande Arciconfraternita di San Rocco. Kina wanachama, kina Guardian Grande, na huadhimisha sikukuu yake kila tarehe 16 Agosti. Nyumba iko wazi kwa umma kwa kiingilio, na wageni wa ukumbi wa juu hupewa vioo vya kushika mkononi ili waone dari bila kuumia shingo. Picha hizi ni kubwa mno, na zimefungamana mno na jengo, kuweza kusafirishwa kwenye maonyesho ya kawaida. Anayetaka kumjua Tintoretto hana budi kuzifuata Venice.